Maji ya Kwanza ya Mwiko

Hakuwa anamuuzia mwiko mtu ambaye hajauona mkono wake. Ukifika kwake Igurwa ukasema, "Mzee, nataka mwiko," alikuwa anakuambia kwanza nyosha mkono. Anautazama kuanzia kwenye kiwiko, anakishika kiganja, anauliza unapikia watu wangapi, na je, ndizi zako unaziponda au unaziacha vipande. Majibu yako ndiyo yaliyochagua mwiko, siyo wewe. Siku moja bwana mmoja wa ofisini Kayanga alikuja na gari kumnunulia mkewe zawadi. Mzee akamuuliza, "Mkono wake uko wapi?" Yule bwana akacheka, akadhani ni utani. Aliondoka mikono mitupu, na kesho yake akarudi na mkewe amekaa kiti cha mbele, kanuna.

Sisi tulimwita Mzee wa Miiko. Jina lake nalijua, lakini sitalitaja, na sababu si heshima peke yake. Naona haya. Nikishamfanyia mtu nilichomfanyia yule, sioni kama nina haki ya kulitembeza jina lake. Alikozaliwa, na wazazi wake walitokea upande gani wa mpaka, hayo nayo nayaacha. Kwetu watu wakitaka kumpunguza mtu huanzia hapohapo, na mimi nimeshampunguza vya kutosha.

Mimi ndiye yule anayeitwa Mama Keki. Naoka keki za harusi, za kipaimara na za sendofu, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa. Kwetu ni Bukoba. Mume wangu alipata kazi ya serikali Kayanga, tukanunua kiwanja Igurwa, tukajenga. Nilisoma mapishi chuoni, nina cheti, na cheti kile nilikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Nataja cheti kwa sababu bila hicho hakuna mtu ambaye angenisikiliza.

Tulipakana naye kwa ua wa minyaa. Asubuhi alikwenda kulima vibanja vya watu kwa kibarua, kupalilia migomba na kukata majani makavu. Mchana alirudi, akanawa, akakaa nyuma ya jiko lake na shoka dogo, tezo, na kisu ambacho alikipinda ncha mwenyewe kwenye moto. Nilizoea kuupita ua na kukaa naye huku nasubiri keki zangu ziive. Naoka kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo kusubiri ni nusu ya kazi yangu. Miaka mingi nilisubiri pale kwake.

Alikuwa na tabia ya kutafuna miti. Akiletewa gogo, kabla hajaligusa kwa shoka, anabanja kipande chembamba, anakitia mdomoni, anatafuna polepole amefumba macho. Ukimkuta hivyo unaweza kudhani anasali. Mti ukiwa mchungu anautema na gogo linakwenda kuwa kuni. "Ulimi wangu ukiukataa, utaupendaje wewe kwenye maharage?" aliniambia. Mkaratusi hakuutaka kabisa, alisema unanuka dawa ya kifua. Msonobari aliuita mti wa majeneza. Kwa miiko mikubwa ya kupondea ndizi alitumia omushambya, ule mti wetu wa nguzo, kwa sababu hauliwi na wadudu na hauchoki. Kwa midogo ya mchuzi alipenda mkahawa mzee. Mtu akikata mikahawa yake iliyochoka ili ichipue upya, yeye alikuwa wa kwanza kufika, anaomba vipande vinene vya chini kama wengine wanavyoomba nyama. Mkahawa ni mgumu, unang'aa, na ukiulainisha kwa majani ya msasa unateleza kiganjani mpaka hutaki kuuweka chini.

Lakini usimdhanie mtakatifu. Alikuwa mbishi. Alikuwa mchoyo wa vipande vyake vya mbao vilivyokatika, akivihesabu akijua kabisa kwamba kazi yake ya mwisho ni kuwasha moto. Na huyu mtu aliyeyajaza majiko yote ya Igurwa miiko, mwenyewe alikula kwa kijiko cha bati kilichopinda, na chai yake aliikoroga kwa mfuniko wa kalamu. Kupika hakujua. Mkewe alikuwa anamcheka mbele yangu: "Huyu? Anajua mwiko unavyoingia mkononi. Unavyoingia kwenye chungu hajui." Mzee alikuwa anajifanya hasikii, huku mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kila binti wa pale kijijini aliyekuwa anaolewa alichongewa mwiko wake bure. Siku chache kabla ya sendofu, Mzee alikuja kwao, akaupima mkono wa binti mbele ya shangazi zake, akaondoka bila kunywa hata maji. Siku ya sherehe mwiko uko mezani pamoja na vitenge na sufuria. Wapo wanawake waliohamia Kaisho na mbali zaidi ambao hawakuondoka na kitu kingine cha Igurwa ila huo. Sikuwahi kumsikia akijisifia jambo hili. Nilimuuliza mara moja kwa nini hachukui chochote, akasema, "Atapikia watu miaka yote hiyo. Mimi nimefanya siku mbili."

Na mimi alinichongea, tena bila kuombwa. Aliniona nakoroga unga wa keki kwa mwiko wa ugali, nahema, jasho linanitoka. Akapita ua, akasimama mlangoni, akatazama tangu siagi na sukari mpaka mayai. Hakuuliza kitu. Baada ya wiki akaniletea kijiko cha mkahawa chenye tundu kubwa katikati, ili unga upite usinivute mkono. Hakuwa amewahi kuona kijiko cha namna hiyo dukani. Alikiwaza tu kutokana na kuutazama mkono wangu. Nilikitumia kwenye keki zote zilizonipatia jina.

Basi ilikuwaje nikaingia kwenye mianzi? Nilikwenda Mwanza kununua vifaa vya mapambo, nikaona seti za vijiko vya mwanzi dukani, vimesimama kwenye kopo lake, vyeupe, vyepesi, vimefungwa utepe. Nikanunua maboksi mengi kwa akiba yangu yote, bila kumshirikisha mume wangu. Nilijiona nimeshakuwa mwenye duka.

Cha kwanza nilichofanya nilimpelekea Mzee seti moja aione. Nilitegemea achukie. Akakigonga kijiko kwenye goti, akakinusa, akakitafuna ukingoni, nikamkemea kwamba anaharibu mali. Akasema, "Hii ni nyasi."

"Ni mwanzi, Mzee."

"Mwanzi ni nyasi iliyokomaa." Akakigeuzageuza. "Lakini nyasi nzuri. Haitabeba harufu ya kitunguu kwenye keki yako. Haitanyonya maji. Ni nyepesi. Kwa keki, Mama Keki, chukua hii, keki haigombani. Ukiiweka kwenye ugali au ndizi itakupasukia, tazama hapa, wameunganisha vipande kwa gundi. Usiilaze kwenye maji."

Hayo ndiyo maelezo ya kweli, na hata leo siwezi kuyaongezea kitu. Mwanzi kwa unga mwepesi, mti kwa chakula kinachobisha. Cheti changu hakikuwa na zaidi ya hapo. Kama ningewaambia wanawake maneno yaleyale aliyoniambia yeye, ningeuza taratibu, kila nyumba seti moja kwa ajili ya maandazi na chapati za maji, na mwiko wa Mzee ungebaki mahali pake.

Lakini maboksi yalikuwa yamejaa chumbani na hayapungui. Kila niliyemwonyesha seti alisema, "Nzuri, ila nina mwiko wa Mzee." Nilichoka kulisikia. Mume wangu alianza kuuliza maboksi yale ni ya nini. Nikaanza kumchukia jirani yangu kwa kosa la kuwa fundi mzuri.

Sasa niseme habari ya maji ya kwanza, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Mwiko mpya wa mti ukiuchemsha, maji yanageuka kahawia, mekundu hivi, kama chai ya rangi iliyokolea. Ni rangi ya mti tu. Mzee aliiita chai ya mti. Kila mwiko aliuchemsha yeye mwenyewe, mara ya kwanza na majivu, ya pili na ya tatu kwa maji matupu, halafu akaukausha kivulini siku kadhaa na kuupaka samli. Ulipofika kwa mnunuzi ulikuwa umeshatoa kila kitu. Ndiyo maana wanawake wa Igurwa walipika miaka yote bila kuyaona maji yale. Mimi niliyaona mara nyingi, nimekaa pale pale nyuma ya jiko lake. Chuoni pia mwalimu wetu alituchemshia miiko mipya, akatueleza jambo lilelile. Nilijua mara mbili.

Na jambo jingine nililijua. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa tumbo. Lilianza taratibu, akawa hali chakula, akakonda, hospitali wakasema ni uvimbe na kwamba wamechelewa. Nilikuwa msibani. Nilipika kwenye msiba ule, kwa miiko ya mumewe.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama kilichokutana kwangu kila mwezi. Mwezi ule nikatangaza kwamba nitafundisha usafi wa vyombo vya jikoni. Siku mbili kabla nikapita ua nikamwomba Mzee mwiko ambao hajauchemsha. "Nipe hivyohivyo," nikasema, "nitauchemsha mwenyewe. Nataka kuwaonyesha akina mama." Akafurahi sana. Akachagua mmoja mzuri kuliko yote, wa omushambya, akaufuta vumbi kwa shati lake.

Siku ya mkutano alikuja. Hakualikwa, kilikuwa kikundi cha wanawake, lakini alikuja akasimama pembeni ya ua amevaa koti lake la kanisani. Alidhani nitamsifia. Nilimwona na koti lile na sikuacha.

Niliweka sufuria mbili jikoni, maji yakachemka. Moja nikatia kijiko cha mwanzi, nyingine nikatia mwiko. Nikazungumza habari ya usafi huku nasubiri. Kisha nikawaita waje kutazama. Maji ya mwanzi yalikuwa meupe karibu kabisa. Maji ya mwiko yalikuwa yameiva.

"Mwiko huu ni mpya," nikasema. "Haujagusa chakula hata siku moja. Sasa hii ni nini?"

Mama mmoja, mjumbe wa kikundi, akasema, "Yesu wangu. Hiyo ndiyo tunakula?"

"Ndiyo mnayokula," nikasema. "Hii ni sumu ya mti. Inatoka kidogo kidogo kwenye chakula. Watu wanaumwa matumbo miaka na miaka, wanasema wamelogwa, kumbe ni mwiko."

Hakuna aliyenituma niseme habari ya matumbo. Ilitoka tu, kwa sababu niliona wameanza kuamini, na mtu akiamini unataka aamini zaidi. Mzee alisogea mpaka kwenye sufuria. Wanawake wakampisha. Akainama akayatazama maji yale, mvuke unampiga usoni. Nilimsubiri aseme ni chai ya mti. Angesema, ningeanza kubishana naye, pengine ningeshindwa, na leo ningekuwa mtu mwingine. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Keki, chuoni ndivyo walivyosema?"

Nikasema, "Ndivyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Seti zilikwenda. Wanawake waligombania. Wengine waliitia miiko yao motoni siku ileile, wengine waliirudisha, wakaiacha imeegemea ua wake bila hata kupiga hodi. Binti aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata, mama yake alituma neno kwamba Mzee asisumbuke. Sauti ya shoka ikanyamaza upande wa pili. Nilijiambia amezeeka. Nilijiambia soko ndivyo lilivyo. Nikawa napita njia ya juu nikienda barabarani kuchukua bodaboda, ile inayozunguka, kisa nisipite mlangoni kwake. Nikikutana naye kanisani namwamkia, "Shikamoo Mzee," anaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole uleule, nami nakaza mwendo. Nilidhani upole ule ni wa mtu asiyejua la kusema. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka miwili.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonirudisha kwake. Si kweli. Binti yangu mkubwa alikuwa anaolewa, na ndizi za sendofu zilitaka kupondwa kwenye sufuria kubwa kwa watu wengi. Vijiko vyangu vya mwanzi vilikuwa vimeanza kupasukia mikononi mwa wapishi, pale pale kwenye maungio ya gundi, kama alivyosema. Nilihitaji miiko mitatu mikubwa. Nikapita ua kumwagiza kazi, na moyoni nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuchekacheka, kwamba siku nyingi, kwamba tumepoteana.

Nilimkuta jikoni anapika maharage. Amekonda. Alikuwa anayakoroga kwa upawa wa plastiki uliokwisha kuyeyuka ukingoni. Nikamwamkia, akaniletea kigoda, akanipangusia. Nikamweleza shida yangu.

"Miiko nimeacha," akasema.

"Mzee, mitatu tu. Ya binti yangu."

"Hasa ya binti yako siwezi." Akapunguza kuni motoni. "Wewe ndiye uliyenifumbua macho, halafu mimi nimpe mtoto wako sumu? Hapana, Mama Keki. Nilikuwa sijui. Mungu ananihesabia kwamba nilikuwa sijui, lakini sasa najua."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi. Alisema hospitali walisema uvimbe, lakini yeye alijiuliza uvimbe unatoka wapi, mwanamke asiyekunywa hata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alisema maji yale aliyaona miaka yote akayaita chai, lakini siku ile mwenye cheti alipoyaita sumu alipata jibu. Mkewe alipikia mwiko wake tangu siku ya arusi yao, na kila alipopika aliuonja mchuzi kwenye mwiko ule. "Kila siku, mara mbili kwa siku," akasema. "Nilimchongea mwenyewe. Nilirudi siku ile nikaupasua nikauchoma. Nikaja hapa jikoni kwake nikamwomba msamaha. Namwomba kila siku. Nawe nilitaka kukushukuru, lakini nakuona una haraka."

Maharage yalikuwa yanafurika juu ya moto na hakuna aliyeyashughulikia. Nilitaka ardhi inimeze, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka, niondoke pale bila kulazimika kusema. Nilifikiri hata kunyamaza. Naandika hilo pia. Nilihesabu kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe.

"Mzee," nikasema, "ile haikuwa sumu."

Akanitazama.

"Ilikuwa chai ya mti. Ilikuwa kama ulivyokuwa unasema. Mwiko ule ulikuwa haujachemshwa, niliuomba hivyo makusudi. Chuoni hawakusema vile. Chuoni walisema kama wewe."

"Ulikuwa hujui," akasema upesi, akinisaidia.

"Nilikuwa najua."

Akakaa chini, juu ya kuni. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mzee."

"Sema vizuri."

"Hukumuua mkeo. Uvimbe ndio uliomuua. Mwiko wako haukumfanya kitu."

Akatoa simu yake ya batani mfukoni, akampigia binti yake anayeishi Kaisho. Akaweka sauti ya juu. Akamsalimia, akamwambia, "Yupo Mama Keki hapa, ana neno la mama yenu," akanisogezea simu. Ikabidi niyaseme yote tena tangu mwanzo, maboksi, sufuria mbili, matumbo, kwa mwanamke ambaye simwoni uso. Nilipomaliza nikasikia akisema, "Baba amekuwa hali chakula, unajua? Tulidhani ni uzee." Simu ikakatika, sijui kama ni yeye aliyekata.

Nilimwambia Mzee nitakwenda nyumba kwa nyumba, nitasema kanisani, nitakikusanya kikundi na kuchemsha mwiko mbele yao. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliinuka akaitoa sufuria motoni, maharage yalikuwa yameshaungua chini. Nikasimama niondoke. Nilikuwa nimefika kwenye minyaa aliponiita.

"Zile seti ulizozisemea yale maneno," akasema. "Ziliisha?"

"Ziliisha, Mzee."

"Zote?"

"Zote."